Milango Minne Isiyo na Kazi

"Sisaini," Koleo alisema, akaisukuma ile karatasi kwa kidole kimoja mpaka ikagota kwenye kikombe cha Baba Mdogo.

Baba Mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena, akaifuta tena. Ofisi nzima wanaijua hiyo dalili: akifuta mara moja amekasirika, akifuta mara mbili tafuta pa kupitia. Koleo hakutafuta pa kupitia. Alibaki amesimama mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Hujaisoma vizuri," Baba Mdogo akasema.

"Nimeisoma mara tatu. 'Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba barua za chama cha wauguzi zilisomwa kupitia mikono yangu bila ruhusa yao, na ninaomba radhi.' Mikono ipi, Baba Mdogo? Hii? Imesoma barua ya nani?"

"Hata jina lako sikuliandika. Kwa kukuheshimu."

"Ahsante kwa heshima. Sisaini."

Jina lake la kuzaliwa lipo, ila hata mama yake mzazi halitumii siku hizi. Alipokuwa na miaka sita alimfuata marehemu baba yake kila mahali; baba anaunga waya, yeye amesimama pembeni na koleo mkononi akingoja kuambiwa lete. Jina likaganda hapo hapo. Ukubwani likamkaa vizuri zaidi, maana binti huyu akishabana kitu haachii. Baba ndiye aliyeanzisha kampuni ile ya kutunza seva, zile kompyuta zinazokaa zimewaka siku zote zikibeba tovuti na barua pepe za watu: shule, maduka, vyama, zahanati. Alipofariki, mdogo wake aliishika kampuni, na akawashika Koleo na mama yake pia. Waliumwa, akawapeleka hospitali. Vikao vya wazazi shuleni, alikwenda yeye. Kuendesha gari alimfundisha Koleo yeye, kila kona anapiga kelele "breki! breki!" mpaka watu barabarani wanacheka. Kwa hiyo ukisikia Koleo anasema "sisaini", usidhani ni jeuri ya mfanyakazi kwa bosi wake. Ni mtoto anamkatalia mzazi.

Kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamke wa makamo, mkoba mapajani, viatu vyeupe vya kazini bado miguuni. Huyo ndiye Katibu wa chama cha wauguzi. Barua pepe za chama chake zilipita kwenye seva zao, na kwa mwezi mzima kila walichokipanga wauguzi kuhusu madai yao, mkuu wa hospitali alikijua kabla hawajakutana naye. Wiki iliyopita alimsomea Katibu sentensi nzima, usoni, kutoka barua ambayo Katibu aliwaandikia wenzake wanne tu.

"Mimi sikuja kugombana," Katibu akasema. "Nataka kujua nani anasoma barua zetu. Kesho saa nne kamili nitakuwa hapa. Nikikosa jibu nahama, na vyama vyote ninavyovijua nitavieleza kwa nini nimehama."

"Jibu utalipata," Baba Mdogo akadakia. "Mwenye funguo za seva hapa ni mmoja tu." Alisema hivyo akiwa anatazama kalenda ukutani.

Hapo Koleo akaliona jumba bovu linavyoshushwa, na linapoangukia. Akisaini, mambo yameisha: Katibu anaondoka na karatasi yake, kampuni inapumua, na yeye anabaki fundi aliyesoma barua za watu. Nani atampa tena funguo za seva? Hata za choo atanyimwa.

"Naomba niulize kitu kimoja," alisema. "Tuna seva tano. Paneli tunayofanyia kazi, yaani programu ya kuziendeshea, iko kwenye seva kubwa. Lakini hizo nne nyingine nazo kila moja ina paneli yake, ina ukurasa wake wa kuingilia. Kuna mtu hapa ofisini anaitumia hata moja?"

Baba Mdogo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Unaniuliza mimi tena? Mwanangu, mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima. Hizo paneli hata sijui zinakaa wapi." Ni utani wake wa siku zote huo, kwenye kila sherehe atausema na watu watacheka. Hata Katibu alitabasamu kidogo. "Na usiguse kitu. Seva zikae kama zilivyo mpaka kesho. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Kutii hakuna aliyemuuliza.

Sasa hili la paneli nalieleza mara moja, tusirudi nyuma. Seva kubwa waliiita Mama. Ukitaka kumfungulia mteja sanduku la barua, unaingia kwenye paneli ya Mama, unajaza, unabonyeza, basi. Zile nne, ya tovuti, ya barua, ya majina ya tovuti na ya nakala za akiba, kila baada ya dakika moja zinamuuliza Mama: kuna jipya? Likiwepo, zinalifanya. Ili kuuliza na kufanya, zinahitaji nusu moja tu ya paneli, ile ya kazi. Nusu ya pili, ile yenye uso, yenye kurasa na mahali pa kuandika jina na neno la siri, kwao haina kazi yoyote. Lakini ilikuwepo. Na iliyoiweka ni mikono hiyo hiyo ya Koleo, miaka sita nyuma, alipokuwa mgeni wa kazi: programu ilimuuliza maswali kumi na moja kwenye kila seva, na yeye akajibu "ndiyo" kumi na moja kwa kila seva, kwa sababu marehemu naye alikuwa akijibu hivyo. Seva nne, milango minne ya ziada.

Alasiri ile ile ya Jumanne, ametoka kwa Baba Mdogo na masikio yanawaka, akajifungia kwenye chumba chake cha ufundi. Seva zenyewe zilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye jengo la kukodi lenye ubaridi. Yeye alizifikia kwa kompyuta ya mezani. Akafungua ukurasa wa kuingilia wa seva ya barua. Miaka sita hakuwahi kuugusa. Neno la siri la Mama hulibadilisha kila baada ya miezi mitatu, hakosi. Akaliandika hapa. Likakataa. Akakaa. Kisha akageuza shingo polepole akatazama kabati la vifaa.

Ndani ya mlango wa kabati lile kulikuwa na karatasi ya njano imebandikwa kwa utepe wa gundi. Mwandiko wa marehemu baba yake, herufi zimelala upande: neno la siri la zamani, la enzi zake. Baba alipofariki hakuna aliyethubutu kuibandua. Wafagiaji walifuta vumbi kwa kuizunguka. Koleo mwenyewe, akiwa na siku mbaya, alikuwa anafungua kabati anaitazama tu, anafunga. Na kwenye kabati hilo hilo ndimo zilimokaa karatasi za printa, kwa hiyo watu wote saba wa ofisi walilifungua kila siku.

Akaliandika neno la baba. Ukurasa ukafunguka, kwaa, kama ulikuwa unamngoja.

"Lo!" Koleo akasema peke yake. "Mimi ni mjinga wa kutupwa."

Alikuwa anabadilisha kufuli la mlango mmoja, na milango minne ameiacha na kufuli la marehemu. Humo ndani mtu aliweza kufungua sanduku la mteja yeyote na kusoma, na Mama asijue, maana paneli ya ziada haimripoti Mama. Ila ilikuwa na logi yake, kumbukumbu ndogo ya nani aliingia na saa ngapi. Akaifungua. Sanduku la wauguzi, asubuhi. Sanduku la wauguzi, asubuhi. Siku ishirini na mbili za kazi, kila siku kabla ya saa nne, na kila mara kutoka anwani ile ile ya ofisi yao, ambayo ni moja kwa watu wote saba. Akaichapisha, kurasa tano. Kisha akamwaza mmoja mmoja: wale wawili wa mauzo, dereva, mhudumu, Shangazi wa mapokezi. Baba Mdogo hakumwaza hata sekunde moja. Na wewe ungekuwa yeye usingemwaza.

Asubuhi ya Jumatano mama yake alikuwa anampigia pasi shati jeupe juu ya meza ya kulia, blanketi limekunjwa chini yake.

"Nimechagua hili," mama akasema. "La heshima. Ukisaini uwe nadhifu."

"Mama, sisaini."

"Baba yako mdogo alinipigia simu. Amesema ni karatasi tu, ya kumtuliza mteja. Amesema kazi yako ipo pale pale." Akanyunyiza maji kwenye kola. "Yule mtu ametulea, Koleo. Siku tuliyotoka makaburini nani alibaki hapa kuosha vyombo? Ndugu wengine walikuwa wanauliza viatu vyao viko wapi. Saini, mwanangu, yaishe."

"Yataisha kwake. Kwangu ndio yataanza. Wataniita msoma barua za watu mpaka niwe bibi."

"Kichwa ngumu kama baba yako."

"Ndiye niliyefanana naye, nifanyeje?"

Mama alimvalisha shati kama anamvalisha mtoto wa shule, akamfunga kifungo cha juu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye pasi yake.

Saa mbili kamili Koleo alikuwa mezani. Kwanza alifungua kabati. Akaingiza ukucha chini ya ile karatasi ya njano, akaibandua taratibu, isichanike. Akaikunja mara moja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Halafu akavuta kiti.

Alikuwa amekatazwa, na bosi, na mzazi, kwa maneno yasiyo na shaka. Sasa kama milango ile ingebaki wazi mpaka saa nne, angekuwa anamsubiri nani amruhusu kuifunga? Mwizi? Thubutu! Alikunja mikono ya lile shati la heshima mpaka kwenye viwiko.

Kazi ya kufuta ni ndogo. Kazi ni kutokufuta kisichofutwa. Nusu mbili za paneli zimekaa kwenye folda moja, bega kwa bega, na ukikosea neno moja kwenye amri unaiondoa nusu ya kazi pamoja na ile ya uso. Hapo seva inakuwa kiziwi: Mama anaita, yenyewe kimya, wateja mia tatu wanakupigia simu kwa pamoja. Akaanza na seva ya majina. Akatazama kama kuna faili ya nusu ya kazi inayoazima kitu kutoka nusu ya uso. Ilikuwepo moja. Akainakili upande wa nusu ya kazi, akaielekeza iitafute huko. Akaandika amri, akaisoma toka mwanzo mpaka mwisho, akaisoma tena kwa kidole, neno kwa neno. Akabonyeza. Akaandika kitu cha majaribio kwenye paneli ya Mama, akasubiri ile dakika. Dakika ya namna hiyo ina urefu wake, usiniulize. Seva ikauliza, ikapokea, ikafanya. Akavuta pumzi akaenda ya tovuti. Kisha ya nakala.

Alikuwa anaingia kwenye seva ya barua mlango ukafunguka, akaingia Shangazi wa mapokezi kufuata karatasi za printa. Si shangazi wa mtu pale, ila hakuna anayemwita vingine, na hakuna jambo la ofisi lisilopita kwake kwanza.

"Wewe si umekatazwa kugusa?" akauliza.

"Nimekatazwa."

"Na unagusa?"

"Nagusa, Shangazi."

Shangazi alitazama skrini nyeusi iliyojaa maandishi, akatazama kabati lenye alama ya mstatili safi pale ilipokuwa karatasi. "Umeitoa," akasema, sauti imeshuka.

"Ilikuwa inafungua mlango. Sasa sikiliza. Nikimaliza hii, barua za wateja zitaingia na kutoka kama kawaida, mteja hataona chochote. Atakayekuja leo kulalamika kwamba ukurasa haufunguki, ndiye huyo."

"Na asipokuja mtu?"

"Basi angalau nimefunga."

"Haya. Mimi sijaona kitu," Shangazi akasema, akikumbatia pakiti yake. "Nimeona karatasi tu hapa. Macho yangu yenyewe siku hizi mabovu."

Saa tatu na dakika kumi alibonyeza mara ya mwisho. Akajitumia barua ya majaribio. Ikafika. Akatuma nyingine kupitia sanduku jipya alilolifungua kwa Mama. Nayo, baada ya dakika yake, ikafika. Akafungua ule ukurasa wa kuingilia wa seva ya barua, na kompyuta ikamjibu kwamba hakuna ukurasa wa namna hiyo. Za paneli alizofuta, nakala hakuacha hata moja. Alibeba kompyuta yake ndogo akaenda kukaa mapokezi, kwenye meza ya pembeni, mahali ambapo kila anayepita ofisini lazima apite.

Dereva alipita, akaomba betri. Wale wawili wa mauzo walipita, wakasalimia, wakaenda zao mjini. Mhudumu alipita na ndoo. Saa nne kasorobo Katibu akaingia, mapema kuliko alivyoahidi, akapewa kiti nyuma ya mlango wa kioo kilichofifishwa, ambapo huonekani mpaka mtu afike katikati ya chumba. Alikuwa amefungua simu yake anasoma barua zake. Koleo alianza kufikiri kwamba hakuna atakayekuja, kwamba ataingia kwa Baba Mdogo na kurasa tano zisizomtaja mtu.

Mlango wa Baba Mdogo ukafunguka kwa kishindo.

"Subiri, mkuu, subiri kidogo, nakurudia sasa hivi," alikuwa anasema kwenye simu. Akaishusha. "Koleo! Seva ya barua imekufa!"

"Ipo hai, Baba Mdogo. Barua zinaingia."

"Imekufa, nakwambia! Nimejaribu mara tatu haifunguki."

"Haifunguki nini?"

"Ukurasa! Ule wa kuingilia, wa seva ya barua. Naandika, naambiwa haupo. Jana asubuhi ulikuwepo!"

Shangazi alikuwa anagonga mihuri kwenye bahasha. Mkono wake ukabaki juu na mhuri wake.

Maneno Koleo alikuwa nayo. Tangu saa mbili alikuwa anayapanga, makali, ya kumwambia dereva, ya kuwaambia wale wa mauzo, hata ya Shangazi alikuwa nayo, Mungu amsamehe. Ya huyu hakuwa nayo. Alimtazama yule mtu aliyemfundisha kushika breki, miwani juu ya paji la uso, simu mkononi, na kwa muda alitamani kabisa angekuwa hakugusa kitu.

"Jana ulisema hujui zinakaa wapi," alisema.

Baba Mdogo akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Nilikuwa... nilitaka kuhakikisha tu, unajua, kabla huyu mama hajaja..."

"Huyu mama ameshakuja," Katibu akasema nyuma yake, na akanyanyua simu yake. "Na barua zangu zinafunguka vizuri sana."

Ndoo ya mhudumu ilisikika korido, ikigonga ukuta.

"Koleo, njoo ndani," Baba Mdogo akasema hatimaye. "Funga mlango."

Koleo aliingia. Mlango akauacha.

"Nimesema funga mlango."

"Leo nimefunga minne. Huu utabaki wazi."

Baba Mdogo aliketi kwa uzito. "Nani alikwambia uguse? Nilikukataza mbele za watu."

"Ulinikataza. Nimegusa. Nimefuta paneli za ziada kwenye seva zote nne, na sikuacha nakala."

"Rudisha. Rudisha halafu tuongee kama familia."

"Sirudishi."

"Mkuu wa hospitali aliniomba mara moja tu," Baba Mdogo akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayesihi. "Mara moja. Ni rafiki yangu, hospitali nzima ni mteja wetu, ningekataa angeondoka nayo. Kampuni ya baba yako ingebaki na nini? Nilifanya kwa ajili yenu. Wewe na mama yako."

Koleo akaweka zile kurasa tano mezani. "Mara moja hii hapa. Ihesabu."

Hakuihesabu.

"Na mimi?" Koleo akauliza. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Mtu wa nje ningemfukuza. Wewe ningekulinda, ungekaa hapa hapa, watu wangesahau."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alichaguliwa kwa sababu ya kupendwa. Alikuwa karibu, basi akawa rahisi kutolewa kafara. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akaitoa ile karatasi ya njano, akaikunjua juu ya zile kurasa.

"Mwandiko unaujua," alisema. "Siku ishirini na mbili ulikuwa unaandika neno la kaka yako kila asubuhi ili usome barua za watu. Ulikuwa hufikirii chochote ukiliandika?"

Baba Mdogo akavua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliiweka mezani imefunguka, akajikanda macho kwa vidole viwili, na kwa ghafla akaonekana mzee.

"Naweza kukufukuza kazi sasa hivi," akasema, lakini bila nguvu.

"Unaweza. Saini kwanza."

"Nisaini nini?"

Ile barua ya jana ilikuwa bado pale, chini ya kikombe, na duara la chai pembeni. Koleo akaivuta, akaigeuza kumwelekea. Akaisoma kwa sauti, polepole, mapokezi wasikie: "'Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba barua za chama cha wauguzi zilisomwa kupitia mikono yangu bila ruhusa yao, na ninaomba radhi.' Umeiandika vizuri, Baba Mdogo. Hakuna pa kurekebisha. Hata jina hukuliweka."

"Koleo."

"Kalamu hii hapa."

"Na nisiposaini?"

"Nitasimama hapa mpaka ofisi ifungwe, na kesho nitarudi kusimama. Walioniita Koleo wananijua."

Katibu alikuwa amefika mlangoni, mkoba begani. Nyuma yake Shangazi, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa ameshika mhuri wa kampuni na kidau cha wino, eti ukihitajika usitafutwe. Baba Mdogo aliwatazama wote watatu. Akaivaa miwani yake na uchafu wake. Akasaini. Kalamu ilikwaruza karatasi katikati ya jina, akainyanyua, akamalizia.

Katibu aliipokea, akaisoma, akaikunja. "Mkuu wangu nitamalizana naye mimi," akasema. Kisha akamgeukia Koleo. "Kuhusu kuhama, nitakupigia wewe. Nitataka kujua kama ile milango itabaki imefungwa."

"Ikifunguliwa utajua kutoka kwangu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mama, kosa la kuiacha wazi miaka sita ni langu. Hilo nalikubali hata bila karatasi."

Alitoka nje, akasimama kivulini kwenye ngazi za jengo, akampigia mama yake.

"Imesainiwa, Mama."

"Afadhali, mwanangu. Afadhali. Nilijua utanisikia."

"Si mimi niliyesaini."

Koleo alisikia pasi ikiwekwa chini, ule mlio wake wa chuma juu ya kigae.

"Nani basi?" mama akauliza, na kwa jinsi alivyouliza alikuwa ameshajua.

Koleo akamweleza. Hakuongeza, hakupunguza. Paneli, logi, neno la siri la baba, ukurasa usiofunguka.

"Aliosha vyombo vyote siku ile," mama akasema. Sauti ilikuwa imejaa machozi. "Mpaka sufuria."

"Najua, Mama."

"Amekufukuza?"

"Bado. Labda kesho."

Mama akapenga kamasi. Kisha Koleo akasikia pasi inanyanyuliwa, na maji yananyunyizwa kwenye nguo.

"Basi kesho utavaa la bluu," mama akasema. "Nalipiga pasi sasa hivi. Uende mapema, ukakae kwenye kiti chako."